Muulize Mwalimu wa Kemia: Theluji ya wapi?

Katika toleo lililopita msomaji mmoja wa Mafinga aliuliza kama theluji ina chumvi. Nilimjibu kwa mistari miwili: inayo, kidogo mno, na kiasi chake kinategemea imeangukia wapi. Mistari hiyo imeniletea barua nyingi kuliko jibu lolote nililowahi kuandika hapa, kwa hiyo ukurasa wa mwezi huu nimeuachia theluji wote. Nimefundisha kemia katika shule za Iringa na Mbeya mpaka kustaafu, na hakuna swali linalonifurahisha kama hili la "wapi". Mwanafunzi akishaanza kuuliza sampuli ilichotwa wapi, ameshaanza kuwa mkemia.

Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha tano, mchepuo wa PCB, hapa Iringa mjini. Tumefundishwa kwamba theluji ya Antaktika ni miongoni mwa maji safi kabisa duniani. Kama ni safi, wanasayansi wanapima nini ndani yake? Na kwa nini wazunguke bara zima kuchota sampuli wakati theluji ni ile ile nyeupe?

Marahaba, mwanangu. Uliyofundishwa ni kweli, lakini usafi una kipimo. Kilo moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, na kati ya hizo sodiamu peke yake ni karibu gramu 10.8. Kilo moja ya theluji ya katikati ya Antaktika inaweza kuwa na makumi machache tu ya mikrogramu za sodiamu, au chini ya hapo. Mikrogramu ni gramu iliyogawanywa mara milioni. Ukiiyeyusha theluji hiyo na kuitonea silva naitreti, dawa ya kutambua kloridi, kama mnavyofanya kwenye mazoezi ya vitendo, hutaona hata dalili ya mashapo meupe. Ila mashine za kutenganisha ayoni, yaani chembe zenye chaji za vitu vilivyoyeyuka, zinaona, tena vizuri: sodiamu, kloridi, magnesiamu, kalisiamu, salfeti, naitreti, amoniamu. Kila kimoja kina asili yake na namna yake ya kusafiri. Ndiyo maana theluji ya mahali pamoja haifanani na ya pengine, hata kama macho hayaoni tofauti.

Chukua atlasi, weka kidole ufukweni mwa Antaktika, kisha kisogeze polepole kuelekea bara. Ufukweni mawimbi yanavunjika, povu linapasuka, na matone madogo ya maji ya bahari yanarushwa hewani. Maji yakikauka hubaki punje za chumvi. Punje hizi ni nzito ukizilinganisha na chembe nyingine za angani, kwa hiyo haziendi mbali. Nyingi huanguka katika kilomita mia moja au mia mbili za mwanzo. Theluji ya ufukweni huwa na mamia ya mikrogramu za sodiamu kwa kilo, hata maelfu dhoruba ikipiga. Ukiingia bara kiasi kinaporomoka ghafla, halafu kinaendelea kupungua taratibu.

Umbali si sababu pekee. Antaktika inapanda. Barafu yake inainuka kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 3,000. Kituo cha Concordia, kinachoendeshwa na Ufaransa na Italia, kipo mita 3,233, juu kuliko kilele cha Rungwe. Punje ya chumvi ikitaka kufika huko inabidi ipande na hewa, na hewa inayopanda hupoa, hudondosha theluji, na theluji hiyo huishusha chumvi kabla haijafika.

Sisi wa nyanda za juu kusini tunaliishi jambo hili. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa inapanda kutoka Kyela, inagonga milima ya Rungwe na Uporoto, na Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mbeya mjini haipati hata nusu ya hizo, na Chunya kule nyuma ya milima ni kukavu zaidi. Kinachopotea njiani si wingi wa maji tu. Maji yenyewe yanabadilika. Atomu moja hivi kati ya kila 500 za oksijeni ni nzito, nayo huitwa oksijeni-18. Molekuli ya maji yenye atomu hiyo hutangulia kuwa tone au chembe ya theluji. Wingu linavyozidi kudondosha, mvuke unaobaki unazidi kuwa mwepesi. Tofauti hii hupimwa kwa sehemu katika elfu, bahari ikiwa sifuri. Theluji ya pwani ya Antaktika huwa karibu na hasi 20. Ya Vostok, kituo cha Urusi kilicho ndani kabisa ya bara, ni kama hasi 57. Ukipewa chupa ya theluji isiyo na lebo, namba hiyo moja inakwambia kama ilichotwa ufukweni au juu kwenye uwanda.

Sasa salfeti, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Katika maji ya bahari, kila gramu moja ya sodiamu huambatana na robo gramu ya salfeti. Basi mkemia anapima sodiamu ya theluji, anazidisha kwa 0.25, anatoa jibu hilo kwenye salfeti yote aliyoipata, na kinachobaki lazima kina asili nyingine. Kwenye uwanda wa katikati kinachobaki ni sehemu kubwa ya salfeti yote. Kimetoka wapi? Zaidi kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho. Kiangazi cha kusini kinapofika na barafu ya bahari ikapasuka, mwani huo unazaliana kwa wingi mno na kutoa gesi ya salfa, dimethili salfaidi. Gesi inapanda, inaungana na oksijeni, na kuwa asidi ya salfuriki pamoja na asidi nyingine iitwayo methanisalfoniki. Chembe zake ni laini sana, zinakaa hewani muda mrefu na kufika mahali ambapo chumvi haifiki. Kwa hiyo Concordia, karibu kilomita elfu moja kutoka baharini, theluji ina alama ya uhai wa baharini iliyo wazi kuliko alama ya chumvi ya bahari hiyo hiyo. Kila nikilieleza hili darasani kulikuwa na mwanafunzi aliyeacha kuandika na kutazama dirishani, na sikumkemea hata mmoja.

Kuna mtego mmoja ambao lazima uujue. Concordia hupata theluji ambayo ikiyeyushwa haifiki milimita 30 za maji kwa mwaka mzima. Hapa Mbeya mvua moja nzuri ya Januari inaweza kuleta kiasi hicho kabla ya chakula cha jioni. Mahali pakavu namna ile, chembe nyingi hudondoka zenyewe bila kubebwa na theluji, kisha theluji kidogo inazifunika. Tia kijiko kimoja cha chumvi kwenye sufuria la nyumbani, na kijiko kama hicho kwenye sufuria la msiba: ladha haifanani ingawa kijiko ni kimoja. Ndiyo sababu wataalamu huandika namba mbili, kiasi katika kilo moja ya theluji, na kiasi kilichoanguka kwenye mita moja ya mraba kwa mwaka. Ukiona ripoti imetoa namba moja tu, uliza ya pili iko wapi.

Naitreti yenyewe haitulii. Kiangazi jua la kule halizami kwa miezi, na miale ya urujuanimno hupenya theluji na kuivunja naitreti kuwa gesi zinazorudi hewani. Kwenye Law Dome, kuba la barafu lililo karibu na kituo cha Casey cha Australia, theluji mpya huifunika ya zamani haraka, na naitreti inazikwa ikiwa salama. Concordia, ambako theluji ya mwaka mzima haifiki hata sentimita kumi, inakaa juani kiangazi baada ya kiangazi. Ngozi ya juu ya theluji ina naitreti nyingi kabisa. Ukichimba kidogo tu unakuta imebaki sehemu ndogo. Asiyejua atasema hewa ya zamani haikuwa nayo. Ilikuwa nayo, imeondoka.

Halafu upepo. Usidhani kwamba theluji inakaa ilipoangukia. Law Dome hiyo hiyo, kwa sababu pepo zake zinatoka mashariki, upande wa mashariki hupata theluji mara kadhaa kuliko wa magharibi. Ndani zaidi ya bara kuna matuta ya theluji yenye kimo cha mita chache tu, lakini kutoka tuta hadi tuta ni kilomita kadhaa. Upande mmoja wa tuta theluji inajilimbikiza. Upande wa pili umesuguliwa na upepo hadi unang'aa, na miaka mingi inaweza kupita bila kitu kubaki juu yake. Chota chupa moja huku na nyingine kule, umbali wa kutembea kwa miguu, na utakuwa umechota theluji za umri tofauti na kemia tofauti.

Mahali pengine jirani ndiye anayeamua. Katika mabonde makavu ya McMurdo ardhi iko wazi, hakuna barafu wala majani, na upepo unaoshuka kutoka juu huinua vumbi. Theluji ya pale ina kalisiamu ambayo huikuti kwenye uwanda. Kando ya makoloni ya pengwini amonia ya kinyesi chao hupanda na kuingia kwenye theluji ya karibu. Na kwenye kisiwa cha Ross kuna Erebus, volkano hai ya mita 3,794, inayotoa gesi zake muda wote.

Haya hayakujulikana kwa kukaa kambini. Kuanzia miaka ya 1990 wanasayansi wa mataifa mengi waliungana katika mpango wa kuivuka Antaktika kwa magari ya minyororo, wakichimba mashimo na kutoboa barafu kwa keekee njia nzima. Mwaka 2005 mtafiti Nancy Bertler na wenzake walikusanya vipimo vya namna hiyo kutoka pande zote za bara na kuviweka pamoja. Kwa maoni yangu kazi kama hiyo, ya kukusanya namba za watu wengi na kuhakikisha zinalinganishika, haipewi heshima inayostahili.

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa viazi na pareto huku Makete, jirani na Kitulo. Mwezi wa sita na wa saba tunaamka tunakuta sakitu nyeupe shamba zima, watoto wanaiita theluji. Ni theluji kweli? Na kemia yake ni ile ile?

Nzuri, ndugu yangu, na poleni na baridi. Sakitu na theluji ni barafu zote mbili, lakini sakitu haikuanguka. Usiku wa anga jeupe, lisilo na wingu, ardhi inapoteza joto lake, jani la kiazi linapoa kuliko hewa, na mvuke uliopo hapo hapo unaganda juu ya jani bila kuwa maji kwanza. Kwa hiyo kilicho ndani ya sakitu yako ni cha hapo Makete: vumbi la shamba, moshi wa mekoni, kilichokuwa juu ya jani. Theluji huanzia mawinguni, mara nyingi ikijenga kuzunguka punje ndogo ya vumbi, na inashuka na habari za hewa ya juu iliyotoka mbali.

Antaktika wana vyote viwili. Juu ya uwanda, ambako mawingu mazito hufika mara chache, sehemu ya barafu inayoongezeka kila mwaka ni sakitu iliyoota juu ya theluji, na nyingine ni chembe ndogo zinazodondoka wakati anga halina wingu.

Lakini sakitu ya kushangaza iko baharini. Bahari inapoanza kuganda, chumvi haikubali kuingia ndani ya barafu; inasukumwa nje ikiwa brini, yaani maji yenye chumvi kali, na sehemu yake inapanda juu. Juu ya barafu hiyo changa huota fuwele kama maua, zinafyonza brini, na zinaweza kuwa na chumvi mara tatu ya bahari. Theluji inayoangukia barafu ya bahari nayo inalowa chumvi kutoka chini. Upepo wa majira ya baridi ukivuma unavibeba na kuvitupa bara.

Mkumbuke yule mwanafunzi wa Iringa na hesabu ya 0.25 niliyompa. Wakemia wa vituo vya pwani walipoifanya kwa theluji ya majira ya baridi, walipata salfeti hasi, kitu kisichowezekana. Sababu yake inapendeza. Baridi ikipita nyuzi hasi 6 hadi 8 hivi, salfeti ya sodiamu hujitenga ndani ya brini na kuwa fuwele zinazobaki kwenye barafu. Brini inayopanda juu imeshapoteza salfeti nyingi. Kwa hiyo chumvi yenye upungufu wa salfeti haikutoka kwenye mawimbi. Imetoka juu ya bahari iliyoganda. Upungufu ule ukawa kitambulisho chake.

Hukuniuliza kuhusu viazi, lakini nitasema: udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana kuliko udongo mkavu. Ukiona jioni anga ni jeupe na upepo umetulia, shamba lililomwagiliwa mchana lina nafuu.

Mimi ni dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka Zambia. Nikiwa Igawa nilimsikia mtu redioni akisema moshi wa magari umefika mpaka kwenye barafu ya ncha za dunia. Anatuonea, au ni kweli?

Ni kweli, kaka, ingawa lori lako halimo. Kilichofika huko kutoka kwenye moshi huo ni madini ya risasi, na hayo yalitiwa kwenye petroli, hayakutiwa kwenye dizeli.

Mwanakemia Mmarekani Clair Patterson, yule yule aliyepima umri wa dunia katika miaka ya 1950 na kupata takriban miaka bilioni 4.55, alisumbuliwa na risasi iliyokuwa ikiingia kwenye vipimo vyake kutoka kila mahali: vumbi, vyombo, nywele za watu. Akajenga maabara safi kuliko iliyokuwa kawaida wakati ule. Miaka ya 1960 yeye na wenzake walichukua theluji na barafu ya Greenland ya umri mbalimbali, wakaonyesha mwaka 1969 kwamba risasi ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 200 tangu karne ya nane kabla ya Kristo, na kwamba ongezeko kali lilikuja baada ya 1940, magari ya petroli yalipoenea. Huko Antaktika ongezeko walilolikuta lilikuwa dogo mno. Viwanda na magari mengi ya dunia yako kaskazini mwa ikweta, na hewa ya kaskazini haichanganyiki na ya kusini kwa urahisi.

Mtu angeweza kuridhika hapo na kusema kusini kumesalimika. Lakini mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Joe McConnell walichapisha vipimo vya barafu iliyotobolewa sehemu 16 za Antaktika. Sehemu moja isingetosha, maana mtu angesema ni upepo wa pale tu. Zote kwa pamoja zilionyesha risasi ya viwandani imefika huko kuanzia mwaka 1889 hivi, na alama zake za isotopu, yaani uwiano wa atomu zake za uzito tofauti, zilifanana na za madini ya Broken Hill, Australia. Roald Amundsen, mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini, aliikanyaga Desemba 1911. Uchafu wetu ulimtangulia kwa zaidi ya miaka ishirini. Jambo hili linaniumiza kila ninapolisoma.

Lipo na la kutia moyo. Mwaka 1991 Claude Boutron na wenzake waliripoti kwamba risasi katika theluji ya Greenland ilikuwa imepungua mara 7.5 tangu mwisho wa miaka ya 1960, kwa sababu Marekani na nchi nyingine zilianza kuiondoa kwenye petroli. Afrika kusini mwa Sahara tuliacha kuiuza kufikia mwisho wa 2005. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Theluji iliyaandika yote, kupanda na kushuka.

Mwalimu shikamoo, mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita, Vwawa. Watu wanaoishi Antaktika wanakunywa hiyo theluji?

Marahaba, mjukuu wangu. Ndiyo, wanaiyeyusha na kuinywa. Wanaichota upande upepo unakotoka, ili moshi wa jenereta za kituo usiifikie. Kwenye kituo cha Marekani kilicho Ncha ya Kusini penyewe wanayeyusha barafu chini kabisa, kwa maji ya moto, na kupampu maji kutoka kwenye shimo hilo kama kisima.

Kwa nini wasipime theluji ya Kilimanjaro, ambayo ni yetu na iko karibu? Msomaji, Njombe.

Walipima. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na timu yake walitoboa barafu ya Kibo sehemu sita, wakakadiria kwamba ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700 hivi. Walionyesha pia kwamba karibu asilimia 80 ya eneo lililofunikwa na barafu mwaka 1912 lilikuwa limeshakuwa wazi. Kwenye ikweta kuna shida ambayo uwanda wa Antaktika hauna: jua linayeyusha juu, maji yanapenya chini, na chumvi husafiri nayo kutoka safu moja hadi nyingine. Anayesoma barafu ile lazima aisome kwa tahadhari zaidi.

Mwalimu mwenzangu, salaam. Nafundisha sekondari huku Chunya. Hatuna theluji, na maabara yetu ni chumba chenye meza mbili. Kuna lolote la namna hii tunaloweza kufanya na wanafunzi?

Salaam nyingi, mwalimu. Lipo, na Chunya ni mahali pazuri kwa kazi hii kwa sababu mko nyuma ya milima. Mnachohitaji ni mvua, chupa, na marafiki katika shule za Mbeya, Uyole, Tukuyu na Kyela. Mkikinga mvua ya siku zile zile, mtakuwa mnafuata hewa ile ile inavyopanda mlima na kushuka, kama wanavyofuata wenzetu kutoka pwani ya Antaktika hadi uwandani.

Tumieni chupa za plastiki na faneli. Zisuuzeni mara tatu kwa maji ya betri, yale yaliyokenekwa, si tindikali, na maji ya suuzo la mwisho yapimeni pia, myaandike. Hiyo ndiyo namba ya chupa tupu, na bila hiyo hamtajua kilichotoka mvuani na kilichotoka kwenye chupa. Msiguse ndani kwa vidole. Jasho lina sodiamu nyingi kuliko mvua. Kwa sababu hiyo wachota theluji wa Antaktika huvaa glovu na ovaroli za plastiki, husogea wakiukabili upepo, na kukwangua ukuta wa shimo kabla ya kuchukua sampuli.

Faneli iwe juu ya mti wa mita moja na nusu, mbali na miti na mbali kabisa na paa. Maji ya bati yana habari za bati. Miaka niliyofundisha, shule nyingi zilikinga mvua ya paa kutumia badala ya maji ya betri, na ilipokuwa mvua ya kwanza ya Novemba wanafunzi walikuwa wakipata mashapo hafifu kwenye majaribio ambayo hayakupaswa kutoa kitu. Vumbi la miezi sita na moshi wa kuchoma mashamba vyote vilikuwa humo. Kina mama wa Mbeya wanalijua hili bila maabara: mvua ya kwanza huachwa ioshe paa, hawaikingi. Ninyi ikingeni makusudi, katika chupa yake peke yake, ili muilinganishe na ya Januari.

Kifaa cha kununua ni kimoja, kipima cha kupitisha umeme kinachotumia betri ndogo. Maji yenye ayoni nyingi hupitisha umeme zaidi, kwa hiyo kinawapa jumla ya vilivyoyeyuka, ingawa hakiwaambii ni ayoni gani. Kila mara andikeni upepo ulikotoka. Ukivuma kutoka upande wa Ziwa Rukwa, ambalo maji yake yana chumvi na kingo zake hukauka, nisingeshangaa namba zenu zikipanda. Lakini ziacheni namba ziseme.

Na mkisikia mtu akisema chupa na faneli si sayansi, mwambieni kuhusu mwanasayansi Willi Dansgaard wa Denmark. Juni 1952 aliweka chupa na faneli kwenye bustani yake mjini Copenhagen, akakinga mvua mfululizo wakati mfumo wa mvua ukipita, na kuona oksijeni-18 ikibadilika kadiri saa zilivyokwenda. Kutoka kwenye chupa zile alifika kwenye barafu ya Greenland. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limekuwa likikusanya mvua ya nchi nyingi kwa ajili ya kipimo hicho hicho.

Jambo la mwisho ni lebo: mahali, mwinuko, tarehe, saa mvua ilipoanza na ilipokoma. Andikeni kwenye chupa yenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, maana karatasi ya gundi hubanduka ikilowa. Mkipata namba za Januari na Februari nileteeni kabla ya toleo la Aprili. Nitazichapa hapa jinsi zilivyo, pamoja na majina ya shule.